Sauti Iliyopita Kigwa: Redio, Sinema na Televisheni katika Muongo wa Azimio la Arusha



1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu muongo mmoja tu wa historia yetu. Unaanzia Februari 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa, na kuishia Februari 1977, TANU na Afro-Shirazi zilipoungana kuwa Chama Cha Mapinduzi, na Mwalimu Julius Nyerere akachapisha tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio hilo. Katika kipindi hicho kifupi, sehemu kubwa ya wananchi wa Tanzania Bara walibadilisha mahali pa kuishi, mamilioni walijifunza kusoma na kuandika, na Kiswahili kikawa lugha ya shughuli za serikali. Swali langu ni hili: je, vyombo vya sauti na picha, yaani redio, sinema na televisheni, vilikuwa na nafasi gani katika mabadiliko hayo, na viliifanyia nini lugha yetu?

Maswali ya namna hii kwa kawaida hujibiwa kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko ziliko studio, wizara na kumbukumbu zake. Mimi napendekeza tusimame Kigwa. Kigwa iko mashariki ya mji wa Tabora, katika Wilaya ya Uyui, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani. Nimeichagua kwa sababu moja. Historia ya utangazaji iliyoandikwa kutoka studio ni historia ya waliosema. Mtu aliyesimama kijijini, umbali wa mamia ya kilomita kutoka kwenye maikrofoni, hulazimika kuuliza habari za waliosikiliza: walisikia nini, na je, walipata nafasi ya kujibu?

2. Habari kabla ya redio

Kigwa haikungoja redio ndipo ipate kujua mambo ya dunia. Katika karne ya 19 njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Kaze, yaani Tabora, ilipita katika nchi hii, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Burton na Speke waliipita mwaka 1857, na Stanley akaipita mwaka 1871. Vita vya miaka ya 1860 kati ya wafanyabiashara Waarabu na mtemi Manwa Sera wa Unyanyembe vilikuwa vimeiathiri sana nchi. Stanley aliikuta Kigwa, kama ilivyokuwa jirani yake Rubuga, imeharibiwa.

Jambo linalotuhusu hapa ni namna habari zilivyosafiri. Zilisafiri kwa miguu ya watu. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, naye ndiye aliyeijua njia. Nyuma yake walifuata wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Wapagazi hao walirudi na nguo, shanga, visa na maneno. Kiswahili kilifika bara kwa vinywa vyao muda mrefu kabla ya kufika kwa vitabu vya shule. Mleta habari alikuwa mgeni. Alilala, alikula, aliulizwa maswali, na akisema uongo alitaniwa. Utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani na ya pwani, kama Wazaramo, ni kumbukumbu mojawapo ya mazungumzo hayo ya safarini. Kwa maneno mengine, habari za njia ya misafara zilikuwa na pande mbili: msemaji na muulizaji walitazamana usoni.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ikaisha. Habari zikaanza kupita kwa kasi, lakini zikashukia kwenye stesheni, ofisi na shule. Redio ndiyo iliyozirudisha nyumbani kwa mtu. Ila safari hii mleta habari hakuja na mwili wake.

3. Redio na lugha moja

Utangazaji wa Tanganyika ulianza Dar es Salaam mwaka 1951 kwa kituo kidogo cha majaribio kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua na kuunda Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wengi waliifahamu kwa herufi tatu: RTD. Tangu hapo redio ikawa idara ya serikali, na watangazaji wake wakawa watumishi wa umma.

Uamuzi mkubwa wa kilugha ulikuwa kwamba redio ya taifa haitatangaza kwa lugha za makabila. Katika nchi nyingine za jirani msikilizaji aliweza kufungua redio akasikia lugha ya mama yake. Mnyamwezi wa Kigwa aliposikia habari, alizisikia kwa Kiswahili, kama alivyozisikia Mmakonde wa Newala na Mhaya wa Bukoba, saa ileile. Januari 1967, wiki chache kabla ya Azimio, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali, na mwaka huohuo Bunge likatunga sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Hivyo muongo wa Azimio ulikuwa pia muongo wa lugha moja, na redio ndiyo iliyokuwa darasa lake kubwa kuliko yote.

Tusisahau kwamba darasa hilo lilikuwa na gharama. Redio ya wakati huo ilikuwa chombo cha betri. Katikati ya miaka ya 1960 kiwanda cha kampuni ya Kijapani ya Matsushita kilianzishwa Dar es Salaam, na redio zake za National zikawa maarufu vijijini. Betri, ambazo watu waliziita mawe, zilikuwa bidhaa ya kununuliwa kwa fedha taslimu, na zilipoadimika madukani zilianikwa juani ili zipate nguvu ya siku moja au mbili zaidi. Kwa hiyo redio haikuachwa ikilia kutwa. Ilifunguliwa kwa mpango: taarifa ya habari, salamu, muziki, kisha ikazimwa. Saa mbili usiku zilisikika ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji ngoma asiyeona ambaye midundo yake ilifungulia taarifa ya habari, na baada ya habari yakafuata mazungumzo ya kisiasa. Majirani wasio na redio walikuja kwa mwenye nayo. Usikilizaji wa faragha, ambao leo tunauona kuwa jambo la kawaida, haukuwa desturi ya muongo ule.

Wala si habari na siasa tu zilizofika kwa njia hiyo. Tabora ilikuwa mji wa muziki: Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilijulikana nchini kote kwa sababu nyimbo zao zilirekodiwa na kupigwa na redio ya taifa. Mzee Mwinamila na kikundi chake cha Hiari ya Moyo walibeba ngoma ya Unyamwezi hadi kwenye majukwaa ya taifa na kwenye mawimbi ya RTD. Hapo msikilizaji wa Kigwa alisikia jambo ambalo sera ya lugha haikulipanga: sauti za kwao zikimrudia kutoka Dar es Salaam. Hili linatuonya tusiichore redio ya miaka ile kama bomba lililomwaga maji upande mmoja tu.

4. Shuka jeupe na gari la sinema

Sinema ilikuwa na historia ndefu zaidi kuliko redio katika nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa majaribio ulioongozwa na Notcutt na Latham, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki. Filamu hizo zilihusu kodi, akiba ya posta, minyoo na malaria. Serikali ya mkoloni iliona mapema kwamba picha inayotembea humfikia mtu asiyesoma.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zilifuata filamu za Kiswahili zenye visa. Mojawapo ya zinazokumbukwa ni Muhogo Mchungu, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, juu ya mtu wa shamba anayeingia mjini. Aliyeigiza humo alikuwa kijana Rashidi Kawawa, ambaye alikuwa amesoma Tabora na wakati ule alikuwa mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii. Nitarejea kwa Kawawa baadaye, maana ni nadra kumpata mtu mmoja aliyesimama katika kila chumba cha historia tunayoisimulia.

Katika muongo wa Azimio, sinema ilikuwa na sura mbili. Mjini ilikuwa biashara: majumba ya sinema, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, yalionyesha filamu za Bombay, za Marekani na baadaye za Hong Kong, na watu walilipa kiingilio ili wafurahi. Kijijini ilikuwa huduma: gari la serikali lilifika na jenereta, shuka jeupe likatundikwa, na watu wakaketi chini kutazama maendeleo. Mwaka 1968 serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, ambayo pamoja na kutengeneza filamu ilikuja kukabidhiwa uagizaji na usambazaji wa filamu za nje. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni hiyo ilitoa Fimbo ya Mnyonge, kisa cha mkulima maskini anayekimbilia mjini, akakosa alichokitarajia, na hatimaye akapata makao katika kijiji cha ujamaa.

Tulinganishe filamu hizi mbili. Kati ya Muhogo Mchungu na Fimbo ya Mnyonge kulikuwa na uhuru, jamhuri, muungano na Azimio. Lakini zote mbili zinamtazama mtu wa shamba, na zote mbili zinamwambia kwamba mji si mahali pake. Mkoloni alikuwa na sababu zake za kumtaka abaki shamba, na serikali ya ujamaa ilikuwa na sababu nyingine kabisa, bora zaidi. Hata hivyo mkulima aliyekaa mbele ya shuka alionyeshwa sura yake na mtu mwingine mara zote mbili. Gari likazimwa, shuka likakunjwa, na asubuhi wageni wakaondoka. Utazamaji huo haukuwa na nafasi ya kuuliza swali iliyopangwa.

5. Televisheni ambayo haikuja

Kuhusu televisheni, jambo la kuelezwa kwa Kigwa ya muongo ule ni kutokuwapo kwake. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi kati ya mwaka 1973 na 1974, na ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa Afrika kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Tanzania Bara haikufuata. Serikali iliona kwamba chombo hicho kingewahudumia wachache wa mijini wenye umeme na fedha, wakati redio ingemfikia mkulima popote alipo. Bara ilingoja hadi mwaka 1994, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993, ndipo vituo vya watu binafsi vilipoanza. Televisheni ya taifa ilikuja mwaka 2000.

Uamuzi huo umehukumiwa kwa namna mbili. Wako wanaouona kuwa ni wivu wa serikali dhidi ya dunia ya nje, na wako wanaouona kuwa ni usawa wa kweli. Mimi naona kwamba ulikuwa na mantiki yake. Nchi yenye vijiji visivyo na umeme ingeweka fedha zake katika televisheni, ingekuwa imejenga ukuta mpya kati ya mji na shamba. Lakini uamuzi huo ulikuwa na tokeo jingine ambalo halizungumzwi sana: uliifanya redio ya taifa kuwa karibu chombo pekee. Kweli, mwenye redio ya masafa mafupi aliweza kuzipata idhaa za Kiswahili za London, zilizoanza 1957, za Beijing, zilizoanza 1961, na za Ujerumani, zilizoanza 1963. Hata hivyo kuhusu mambo ya kijijini kwake mwenyewe, yaani mbegu, dawa, shule na makazi, sauti iliyosema ilikuwa moja. Pale sauti inapokuwa moja, namna inavyosema huwa na uzito kuliko kawaida.

6. Mtu ni Afya: wasikilizaji wanajibu

Hapa tunafika kwenye kiini cha mhadhara huu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilifanya majaribio ambayo bado hayajapewa heshima yake katika historia ya lugha yetu. Yalikuwa ni vikundi vya kusikiliza redio. Kampeni ya kwanza, Kupanga ni Kuchagua, ilihusu Mpango wa Pili wa Maendeleo wa 1969. Ikafuata Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971 kuadhimisha miaka kumi ya uhuru, kisha Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975.

Mtu ni Afya, iliyosaidiwa na Sweden, ndiyo iliyotikisa nchi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni mbili walishiriki, katika nchi ambayo sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12 na ushei. Kwa majuma 12 vikundi vilikutana kujifunza juu ya malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Utaratibu wake ulikuwa huu. Kikundi kilisikiliza kipindi. Kisha mmoja aliyejua kusoma alisoma kwa sauti sehemu ya kitabu iliyohusika. Kisha wakajadili: je, hali hii ipo kwetu? Sababu yake nini? Tufanye nini? Mwisho wakaazimia, na azimio lao likawa kazi ya wiki: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi.

Naomba wanafunzi waizingatie hatua ya tatu. Redio ilikwisha nyamaza, kitabu kimefungwa, na sasa Kiswahili kimo vinywani mwa wanakijiji wenyewe. Katika kijiji cha Unyamwezi maana yake ni kwamba mama aliyezoea kusema habari za kuhara kwa mtoto kwa Kinyamwezi alilazimika kuzitafutia maneno ya Kiswahili, au kuzisema kwa Kinyamwezi na mwenzake akazifasiri. Na aliyekuwa na ujuzi juu ya kisima, mbu na kinyesi hakuwa lazima mwenye redio. Redio nyumbani kwa kawaida ilikuwa mali ya baba. Katika kikundi ilikuwa mali ya duara. Kiongozi wa kikundi hakuwa mwalimu wa kuhutubia. Kazi yake ilikuwa kuongoza mazungumzo, kama kirangozi wa zamani alivyoongoza njia bila kuwabebea wengine mizigo yao.

Kwa vipimo vya muongo ule, huu ulikuwa ushindi wa utangazaji. Vyoo vilichimbwa kwa wingi, watu waliojifunza kusoma walipata cha kusoma, na kampeni ikawa mfano uliotajwa sana nje ya nchi. Kiwango cha kutojua kusoma, kilichokuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, kilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975 na asilimia 27 mwaka 1977 kwa hesabu za serikali. Redio peke yake haikuleta hayo, lakini bila redio yasingefanyika kwa ukubwa huo.

7. Novemba 1973

Mwaka huohuo 1973, miezi michache tu baada ya vikundi vya Mtu ni Afya kumaliza kazi, redio hiyohiyo ilileta jambo la namna nyingine. Hadi wakati ule sera ya Ujamaa Vijijini, iliyotolewa Septemba 1967, ilisisitiza hiari. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo iwe imekamilika kabla ya mwisho wa 1976. Goran Hyden, mtaalamu wa siasa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka hiyo, ameieleza hotuba ya redio ambayo Rais aliitoa kabla ya operesheni. Katika hotuba hiyo Rais aliorodhesha yale ambayo serikali ya TANU iliwafanyia wananchi tangu Azimio: kufuta kodi ya kichwa na ada ya shule za msingi, kuleta maji safi, zahanati na madarasa. Kisha akauliza wao wamefanya nini kama malipo, akadokeza kwamba ni kidogo sana. Alikiri kwamba serikali haiwezi kumfanya mtu awe mjamaa kwa nguvu. Lakini inaweza kuhakikisha kwamba kila mtu anaishi kijijini.

Tuitazame hotuba hiyo kama tendo la lugha. Ndani yake mna swali: mmefanya nini? Lakini ni swali lililoulizwa kwa chombo kisichosikia jibu. Mwezi Juni, swali la redio lilifuatwa na duara la majirani na azimio lao. Mwezi Novemba, swali la redio lilifuatwa na operesheni. Hapo ndipo ninapoona mpasuko wa muongo wetu. Chombo, lugha na msemaji havikubadilika, bali duara ndilo lililoondolewa.

Unyamwezi ilikuwa na kumbukumbu yake ya kuhamishwa. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya mkoloni iliwakusanya watu wa sehemu nyingi za magharibi katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale, na waliobishana nayo walibishana bila kusikilizwa. Mzee wa mwaka 1974 aliyeambiwa akusanye vyombo vyake alikuwa amewahi kuuona, akiwa kijana, mkusanyiko mwingine wa amri, nao pia ulitolewa sababu ya afya. Haidhuru nia ilikuwa njema kiasi gani, hakuna kipindi cha redio kilichomwomba mzee huyo alinganishe. Na Waziri Mkuu wa miaka hiyo, tangu 1972 hadi 1977, alikuwa Rashidi Kawawa: yule kijana wa Tabora aliyeigiza mtu wa shamba aliyepotea mjini, sasa akisimamia serikali iliyompangia mtu wa shamba mahali pa kujenga.

Tathmini ya 1977 ilieleza kwamba zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wakiishi vijijini. Ilikiri pia, kwa unyofu ambao viongozi wengi hawana, kwamba nchi bado haikuwa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Watu walikuwa wamefika vijijini, lakini idadi haikuonyesha kama walikuwa wameridhia.

8. Kilichobaki katika lugha

Sisi wa taaluma za Kiswahili tuna ushahidi wetu wenyewe juu ya muongo huo, nao umo katika maneno. Redio iliyaeneza maneno ya zamani kwa maana mpya. Kupe, mdudu ambaye kila mfugaji wa Uyui anamjua, akawa mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake. Beberu akatoka zizini akawa mtawala wa kigeni. Mirija ikawa njia za unyonyaji, na ikatakiwa ikatwe. Bepari, ambaye asili yake ni mfanyabiashara tu, akabeba uzito wa mfumo mzima. Mwalimu mwenyewe alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi, na mnunuzi wa kitabu hicho hakuhitaji kuelezwa kwamba jina hilo lina makali. Maneno haya yalipendwa kwa sababu yalikuwa na picha, na picha zake zilitoka shambani na zizini. Yalimheshimu msikilizaji kwa kumsemesha kwa vitu alivyovijua.

Lakini kuna ushahidi wa kisarufi ulio wa ndani zaidi. Tazameni majina ya kampeni: Mtu ni Afya, Chakula ni Uhai, Kupanga ni Kuchagua, Uchaguzi ni Wako. Mengi yamejengwa juu ya kishirikishi ni. Azimio la Iringa la 1972 nalo likaitwa Siasa ni Kilimo. Huu ni muundo wa methali, kama tunavyosema akili ni mali au umoja ni nguvu. Sentensi ya namna hii haimwamuru mtu. Inamwekea mbele yake ulinganisho na kumwachia aupime. Ndiyo maana ilifaa sana kufungulia mjadala. Sasa iwekeni kando ya sentensi ya Novemba 1973: kuishi vijijini ni amri. Muundo ni uleule, kishirikishi ni kilekile, na sikio lililozoea Mtu ni Afya lingeweza kuipokea kama nduguye. Ila safari hii upande wa pili wa ni hakuna afya, uhai wala mali ya kupimwa. Kuna neno linalofunga mazungumzo.

9. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, redio ya muongo wa Azimio ilijenga Kiswahili cha taifa kwa upana ambao shule peke yake isingeufikia, na ilifanya hivyo ikiwa pia imebeba ngoma na sauti za mahali kama Tabora. Pili, sinema ilibaki mgeni wa usiku mmoja, na televisheni ya Bara haikuwapo, hivyo uzito wote ukaangukia sauti moja. Tatu, ubora wa sauti hiyo haukutegemea mitambo wala ufasaha wa mtangazaji. Ulitegemea kilichofuata baada ya redio kuzimwa: je, palikuwa na duara la kujibu, au palikuwa na amri?

Leo msikilizaji wa Uyui ana stesheni nyingi za FM, televisheni, na simu inayopokea na kutuma. Tusidhani kwa sababu hiyo kwamba swali limekwisha. Wingi wa sauti si sawa na kusikilizwa, na mtu anaweza kuzungukwa na vituo 20 asipate hata kimoja kinachomngoja ajibu.

Kwa wanafunzi nina ombi moja. Kanda za RTD ni hazina, na zinastahili kuhifadhiwa na kuchambuliwa. Lakini kanda zina nusu ya mazungumzo tu. Nusu ya pili imo katika kumbukumbu za walioketi duarani mwaka 1973, wakiwa vijana, na sasa ni wazee. Nendeni Kigwa, na vijiji mfano wa Kigwa, mkawaulize walisema nini baada ya redio kunyamaza, walitumia maneno gani, waliazimia nini, na nani aliwapinga. Ulizeni kwa adabu, mkalale huko kama walivyolala wageni wa msafara, na mkubali kutaniwa. Kazi hiyo ina haraka, kwa kuwa walioketi katika duara lile wanapungua kila mwaka.

 Sasa ningependa kusikia maswali yenu.